Siku Bertin Alipoitia Shule Nzima Rangi Nyekundu

Njoni, enyi wa mji wa Baraka na wa Fizi yote, nanyi wa Nundu mnaojifanya mmekwisha kusikia kila jambo! Zimeni redio, niwasimulie habari za Bertin, sekretere, yaani karani, wa shule yetu, Simba wa Kibodi, aliyeiangusha shule nzima kwa kidole kimoja na kuiinua kwa kidole kile kile.

Zama zile, yaani mwaka jana, walimu waliandika pointi za walioshindwa kwa kalamu nyekundu, seli kwa seli, yaani kisanduku kwa kisanduku cha jedwali, hadi vidole vikafa ganzi. Bertin akaapa kuukomesha utumwa huo. Akafungua kompyuta, akalikabili jedwali la matokeo, akaliamuru: seli yoyote yenye pointi chini ya hamsini ijipake nyekundu yenyewe!

Siku ya kutangaza matokeo ikawadia. Wazazi wakajaa uwanjani, poda mikononi, tayari kuwamwagia watoto watakaopita. Éliezer, mfugaji, alikuwa ameshuka kutoka milimani kwa miguu, na neno lake lilikuwa moja: binti yake Gaju akianguka, shule basi, arudi kwa ng'ombe. Gaju alisimama nyuma yake.

Projekta ikawaka. Lo! Ukuta mzima nyekundu, juu hadi chini, asisalimike hata mmoja.

Prefe Isidore, mkuu wa shule, Mwamba wa Nidhamu, akanguruma: "Bazazi! Batoto benu bote bameanguka! Mulie, lakini musibishe. Ordinateri, hii kompyuta, haina ndugu. Mashini haidanganyake!"

Éliezer akamshika binti yake mkono, wakaelekea langoni. Gaju alikuwa analia.

"Prefe, ngoja!" Akainuka Mama Suzanne, mwalimu wa dini. "Gaju, mi nilimupa kumi juu ya kumi. Iko nyekundu! Malaika akishuka kufanya huu mutihani, atapata ngapi?"

Dini ni somo la pointi kumi; hesabu, lililo kubwa kuliko yote, ni arobaini. Nani angefika hamsini? Jambo hilo kila mtoto wa shule analijua, isipokuwa Simba wa Kibodi siku ile.

Bertin akakunja mikono ya shati. "Bazazi, huyu adui ni miye nilimuleta! Ni miye nitamufukuza!" Akaandika amri mpya: nyekundu ni kwa pointi zisizofika nusu ya somo lake tu.

Wekundu ukatimua mbio. Ukatoka kwa Gaju, ukatoka kwa wenzake, ukakimbilia seli moja tu, ukajificha humo: Junior, mwana wa prefe, hesabu, sita juu ya arobaini.

Prefe akakohoa. "Bertin, ile amri ya kwanza ilikuwa ya haki. Bote sawasawa. Rudisha."

Enyi wasikilizaji, mshahara, kazi, watoto nyumbani, vyote vilining'inia juu ya kitufe kimoja.

"Prefe, si umesema mashini haidanganyake?" akasema Bertin, akaihifadhi amri mpya.

Uwanja ukalipuka. Éliezer akageuka langoni, akammwagia Gaju poda yote, wazazi wakamgeukia shujaa, wakammwagia yeye, na kibodi yake, na kompyuta yake, ambayo haijawaka tena hadi leo.

Basi na ikumbukwe katika Baraka nzima: Bertin alizishinda kalamu nyekundu kwa asubuhi moja. Sasa zimerudi, na prefe amemkabidhi yeye azishike kwa niaba ya walimu wote. Gaju naye yuko darasani, benchi ya mbele.