Kisogo cha Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa Kiingereza kapita mbele ya kibanda changu cha kinyozi. Kisogo kimenyolewa! Si mimi niliyekinyoa. Kisogo kile nimekilea tangu kina nywele nyeusi, nakijua kuliko uso wake. Kuna mtu kanizunguka. Mke wangu kasema nimuulize tu. Nimuulize! Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga. Kesho namfuata.

Jumanne, 5 Machi
Kofia ya shemeji, miwani ya jua. Koti jeupe la kazi nikasahau kulivua. Nimejibanza nyuma ya magunia ya mkaa dukani. Mwalimu akanisalimu vizuri tu. Akaeleza kwamba kumfuata mtu hivi Waingereza wanaita “to tail”, na kwamba anayefanya kwa kawaida haonekani. Nikajibu nanunua mkaa. Ikabidi ninunue. Mke amefurahi.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimekifuata kisogo hadi sokoni, hadi benki, hadi kliniki ya wajawazito. Kikageuka. Si Mwalimu! Kijana nisiyemjua, mkato uleule, mstari uleule wa shingoni. Adui ana mkono wangu kabisa. Usingizi hauji.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechutama nyuma ya nguo zilizoanikwa nyumbani kwa Mwalimu. Sauti ikatoka dirishani: “Fundi, hiyo sasa ni kunyemelea, ‘to stalk’. Ingia, chai inapoa.”

Kumbe adui ni binti yake! Yule mtoto aliyekuwa akimsubiri baba kwenye benchi langu, kimya, akitazama mikono yangu. Sasa ni mjamzito, anataka kazi ya kufanyia nyumbani, na anajifunza kunyoa kwa vichwa vya baba na mume. Huyo mume ndiye kijana wa kliniki. Mwalimu aliona haya kuniambia.

“Kichwa ndicho kilichohama, Fundi,” akasema. “Mimi sijahama.”

Nimelia kidogo. Nimemwonyesha binti jinsi ya kushika mashine nyuma ya sikio. Nimeapa: kuanzia leo, nikiwa na shaka nitauliza.

Jumamosi, 9 Machi
Mwalimu kaja kukaa kitini, soga tu. Mara kapita mwuza nyama. Kisogo kipya, si changu! Mwalimu kasema nimuulize.

Naandika haya nyuma ya magunia. Mwalimu kachutama nyuma ya gunia la pili, kavaa kofia ya shemeji. Ananong'ona kwamba hii, kuwa kivuli cha mtu, inaitwa “to shadow”. Mkaa tumeshanunua.