Warithi Watatu na Kura Moja

Jumatatu, 3 Julai 2006
Nimepinduliwa! Au karibu. Njambi, ambaye tunachezea mchezo wetu nyumbani kwake Parklands, amenipigia simu nikiwa ofisini mjini katikati ya faili za wakili. Jumamosi, akasema, tutapiga kura: nani awe msimulizi, mimi ama Zedekiah. Zedekiah! Mtu wa miezi miwili mezani. Wiki jana nilikuwa na homa, wakampa kiti changu mara moja tu, na sasa eti hawajawahi kucheka vile. Kiti hicho nimekikalia miaka miwili. Ndipo mahali pekee Nairobi ambapo nikifungua mdomo watu hunyamaza. Sikitoi.

Wasiwasi sina. Wapiga kura ni watano: Njambi, Peres, Muli, Zedekiah na mimi. Kura tatu zinatosha.

Jumanne, 4 Julai
Mama ameona dadu zangu hapa nyumbani Kabiria, akauliza kama nimeanza kamari, mimi mtoto wa mzee wa kanisa. Nikamweleza polepole. Ni mchezo wa hadithi. Kila mtu mezani anajifanya mtu fulani: mpiganaji, mganga, mwizi. Msimulizi anawaambia wako wapi na nini kimewatokea. Wao wanasema watafanya nini, dadu inaamua kama wamefaulu. Mama akauliza nani hushinda. Hakuna, nikasema. Akauliza basi mnagombania nini. Wazazi hawaelewi mambo ya uongozi.

Jumatano, 5 Julai
Upelelezi! Ofisini nimesema naenda kung'olewa jino. Nikaenda Spring Valley, ambako Zedekiah anauza miche kando ya barabara. Nilitaka kuona silaha zake. Akafurahi kuniona, akanionyesha karatasi. Moja! Majina kumi ya watu na shida tatu, basi. Mengine, akasema, huwauliza wachezaji tu, kisha anafuata wanakoelekea. Akanipa nakala, na mche wa mnanaa juu.

Mjanja sana huyu. Hakuna mtu anayeendesha mchezo wa muda wa saa nne kwa karatasi moja. Daftari lenyewe amelificha. Nakala nimeitupa. Mnanaa nimempa Mama.

Alhamisi, 6 Julai
Nimeandika kurasa arobaini na tatu. Ramani iko tayari, na njia zake zote zinafika pangoni. Wakienda kaskazini, pango. Wakienda kusini, pango. Wakisema wamechoka wanarudi kwao, pango. Ndani mna kiti cha enzi cha mfalme marehemu asiye na mrithi.

Nimejenga pia ukuta wa katoni wa kuficha dadu na maandishi yangu. Wasimulizi wengine hutosheka na ukuta wa kimo cha kitabu. Wangu ni katoni nzima ya televisheni, na nikiketi unanipita kichwa. Baadaye nimegundua siwezi kuona wachezaji, nikakata dirisha dogo. Kazi safi.

Ijumaa, 7 Julai
Siku ya kampeni. Nimempigia Peres shuleni anakofundisha, nikamnong'onezea siri: kesho itagundulika mhusika wake ni binti wa mfalme aliyepotea. Kiti cha enzi ni chake! Akapiga kelele hadi nikasikia watoto wakimcheka. Kura moja hiyo. Nikampigia Njambi. Naye ni binti wa mfalme. Nikampigia Muli, fundi wa simu. Naye ni mwana wa mfalme. Wote wameapa kunyamaza. Kura tatu!

Jioni nimekumbuka kwamba kiti cha enzi ni kimoja. Si shida. Nitaamua hapo hapo.

Jumamosi, 8 Julai
Tulifungua kwa maombi, Peres akiongoza. Nikasimamisha ukuta. Muli akauliza hiyo ni game ama ni plot ya wapangaji imejengwa. Peres akainama dirishani akaniomba maziwa paketi moja na nusu mkate. Nilivumilia.

Wakafika pangoni. Nikatangaza kiti cha enzi. Watatu wakasimama pamoja, kila mmoja akisema ni chake. Nilikuwa na kurasa tisa za vita, tayari kabisa. Hawakupigana! Muli akasema kwanza tuunde kamati. Wakaunda! Zedekiah, aliyecheza mbeba mizigo, akafanywa msimamizi wa uchaguzi. Njambi akawaahidi popo wa pangoni barabara ya lami. Peres akadai cheti cha kuzaliwa cha kila mgombea. Nikawatupia zimwi lenye vichwa viwili. Likaambiwa lipange foleni, na kwamba vichwa viwili si kura mbili.

Wakaniuliza mambo yasiyo kwenye kurasa zangu. Mfalme alikuwa na wake wangapi? Popo wanaabudu wapi? Nikajibu lolote lililonijia, jasho likinitoka, na wao wakacheka hadi Muli akashika mbavu. Saa tatu nzima! Ukurasa wa pili haukufunguliwa. Hasara tupu.

Kisha Peres akauliza kila mmoja alijuaje ni mrithi. Wote wakageukia dirisha langu, Peres akasema: "Quincy, kwani uliambia kila mtu? Ai! Si wewe ni mwanasiasa kabisa!" Njambi akanitikisia kichwa. Nikacheka, kuonyesha nilipanga hivyo.

Tukapiga kura ya siri kwa vikaratasi. Nilikuwa na hakika ya zangu tatu, kwa hiyo nikaandika jina la Zedekiah. Mgombea mwenye heshima hajipigii kura. Ndivyo tulivyokuwa tukichagua viranja shuleni.

Njambi akahesabu. Zedekiah tatu. Mimi mbili.

Langoni Muli akaniambia pole, kura yake alinipa mimi, hajacheka hivyo tangu harusi yake. Zedekiah akanishika mkono, akasema yeye pia alinipa yake, maana mchezo wa leo uliushinda wake kwa mbali. Nimehesabu kwa vidole njia yote hadi Kabiria. Muli na Zedekiah, hizo ndizo mbili zangu. Njambi na Peres, mbili zake. Ya tatu ilikuwa na mwandiko wangu.

Imeniuma sana. Nimelia kidogo, jikoni, Mama akidhani ni vitunguu.

Jumapili, 9 Julai
Nimelala nikafikiri, na kosa nimelipata. Dirisha lilikuwa dogo mno. Nitakata la pili.

Kura nyingine ni Desemba. Kurasa zimefika sitini. Baada ya ibada nimempigia Peres kumwambia, kwa siri, kwamba nikirudi kitini atakuwa malkia. Njambi nimemwambia hivyo hivyo. Kura za Muli na Zedekiah ninazo tayari. Jumla nne! Ya kwangu nitampa Zedekiah tena, asije akapata sifuri akaaibika.