Ukuta ya Kuku na Tetemeko ya Bisiwa

Kosa ya kwanza iko yangu, niseme mbele bengine hawajanisemea. Radio ya mama Albertine, mwenye kutuuzishia chai, ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na tuliishi nayo muzuri vile: chai tunakunywa, bantu tunasengenya, saa ya kazi ikifika tunajifanya hatuijue. Njo minyi nikafungua ile radio na kisu, nikasukuma kawaya kamoja, ikasema. Kama ningeacha mikono mu mufuko, Niveau hangepata ile akili mubaya. Basi, minyi nimemaliza kujitaja. Ile siku ilikuwa ya Niveau.

Jina yake ya kweli ni Mukalay, fundi wa kujenga. Banamwitaka Niveau juu ya kale kachombo ka kupimia kama ukuta imelala sawa; anatembea nako fasi yote, hata ku kilio. Ile asubui alikuwa amekaa kwa mama Albertine, pale karibu na njia ya treni, juu ya ile benchi mupya ya simenti aliyotujengea mwezi uliopita, bure, juu ya urafiki tu. Chai iko mu mukono, hainywi. Juzi, saa kumi na mbili ya mangaribi, ukuta aliyojengea bamama ya kanisa kwa kufugia kuku ilianguka yenyewe, bila upepo, bila mvua. Na leo mama Jeannine, présidente wa bale bamama, alituma neno: anakuya. Akitoka hapa, tutajua kama ni Niveau atajenga madarasa tatu ya shule, ama fundi mumoja wa Kabongo. Madarasa tatu ni kazi ya kiangazi muzima. Mira, muke wa Niveau, alishaambia majirani yote.

Njo radio ikasema: kule bisiwa ya joto, katikati ya bahari mukubwa, udongo ilitetemeka jana, saa tisa ya usiku, saa ya kule. Bantu balikimbia inje na mashuka, hakuna mutu alikufa.

Niveau akanyanyua kichwa.

"Chef," akasema pole pole, "udongo ya kule na ya huku, si ni moja?"

Chef de Gare, mukubwa wa stesheni, njo vile tunaitaka mzee Nahum. Aliuzishaka tiketi ku gare miaka makumi mbili na saba, hakuongozaka hata treni moja, lakini hakuna kitu hajue.

"Ni moja. Angalia." Akakata kitumbula bipande tatu, akabitupa mu chai yake. "Chai njo bahari. Hii ni Asia. Hii Congo. Haka kadogo ni kisiwa. Chini kuna moto. Asia ikisukuma kisiwa, kisiwa inasukuma Congo. Munaona?"

"Tunaona," akasema Kaumba, ule tunaitaka Mille Kilos, kilo elfu, juu anapandisha mahindi na velo, baiskeli yake, toka Kaniama. Akatia bidole mu glasi ya Chef, akatafuna.

"Umekula Asia."

"Ilikuwa inaanza kuzama, Chef. Nimeiokoa."

"Achana na huyu," Niveau akasema. "Chef, saa tisa ya usiku ya kule, huku inakuwaka saa ngapi?"

Chef akahesabu na bidole. Ikakosa. Akaazima ya Mille Kilos, yenye mafuta ya kitumbula. "Kule jua inaamukaka mbele yetu. Banatupita na saa tisa. Tisa toa tisa, inabakia zero. Zero ya saa ni kumi na mbili." Yeye mwenyewe akaogopa. "Juzi. Saa kumi na mbili ya mangaribi."

Mama Albertine akaacha kugeuza bitumbula mu mafuta. Niveau akasimama.

"Saa ya ukuta yangu," akasema. "Saa ile ile."

Na ukweli, tangu juzi hakuna mutu alimuona na uso wa furaha vile. Mu kichwa yake alishaanza kujenga darasa ya kwanza, alishafika ku madirisha.

"Ngoja kwanza," mama Albertine akasema. "Tetemeko inatoka kule ku bahari, inavuka inchi za bantu, inavuka Tanganyika, inapita Kabongo haigusi hata kinu, inakuya huku Kamina kutafuta kuku ya bamama tu?"

"Mama, tetemeko haichaguake."

"Hii ilichagua."

"Nahitaji bashahidi," Niveau akasema. "Juzi, nani alisikia udongo inatikisika?"

"Minyi," Mille Kilos akasema kabla hajamaliza kutafuna. "Nilikuwa na magunia ine ku velo, napanda kilima. Mara naona velo inapanda yenyewe, inaniacha."

"Haukuanguka?"

"Nilianguka, lakini kwa kwenda juu."

"Ni kidogo ile," akasema Chef. "Minyi kitanda yangu ilitoka mu chumba ikafika ku mulango. Nikaiambia: rudia. Ikarudia."

"Saa kumi na mbili ya mangaribi ulikuwa ku kitanda?" mama Albertine akauliza.

"Nilikuwa nawaza."

"Ulikuwa hapa, Chef. Ulikuwa umeshika glasi."

Pale kila mutu akaangalia chini. Sababu pale kwetu, treni ikipita, bintu yote inatetemeka: meza, sufuria, meno. Kwa hiyo tulishazoea: ukisikia treni, unashika glasi yako na unaendelea na maneno, hata haugeuke. Na juzi, saa ile ile, treni ilipita, ya kwanza tangu siku tisa.

"Treni ilikuwa juu," Chef akasema. "Tetemeko ilikuwa chini. Bilikutana."

"Andika ile," Niveau akasema, lakini hakuna mutu alikuwa na kalamu.

Njo mama Jeannine akafika, kitambala mu kichwa, fundo mu kona ya pagne, kitenge yake. Akasalimia mumoja mumoja, akakataa chai, akabaki kusimama. Niveau akaanza. Akaeleza bisiwa, akaeleza moto ya chini, akaeleza saa tisa toa tisa. Alisema muzuri, hata pasta hangesema vile. Mille Kilos akaongeza velo. Chef akaongeza kitanda, ikafika sasa mupaka barabara.

"Eyo vidye," ndiyo bwana kwa Kiluba, mama Jeannine akajibu kila mara, na heshima yote. Balipomaliza, akauliza: "Papa Mukalay, kale kanyumba ka kuku ka bijiti, kale mwenzetu mama Séphora alifunga na kamba, kako pembeni kabisa ya ukuta. Mbona kanasimama?"

"Mama, bijiti binainamaka na kurudia. Ukuta haijue kuinama."

"Ni kweli." Akafungua fundo ya pagne. Mulikuwa kipande ya ile ya kushikisha matofali, aliokota ku ukuta. "Mzee Nahum, uniazime glasi."

Akaiweka mu chai ya Chef, polepole, sawa vile mutu anaweka sukari. Tukaangalia. Ikatoa mapovu kidogo, ikafunguka, ikashuka chini. Kufika kuhesabu kumi, ilibakia udongo ya kichuguu na muchanga tu, imefunika Congo na kisiwa.

"Na hii chai," mama Jeannine akauliza, "inatetemeka pia?"

Chef akaangalia glasi yake kama mutu anaangalia jeneza.

Njo mama Jeannine akainama, akagonga benchi na kidole. Ko, ko. Ikalia kama chuma. Akapitisha mukono mwanzo mupaka mwisho, ku pembe, chini ya miguu ya Mille Kilos.

"Hata ufa moja haina," akasema. "Na treni inapita hapa. Nani alijenga?"

Mille Kilos akajaribu kukaa bila kugusa benchi, ikakataa.

"Kumbe simenti ya bamama ilifika hapa muzima," mama Jeannine akasema. Hakupaza sauti, njo ile ilituumiza. "Papa Mukalay, madarasa sijapatia mutu. Jumamosi, siku ya posho, nitapita ku kuku. Nikute ukuta inasimama, na simenti ndani, simenti ya mufuko yako mwenyewe. Nikiikuta, tutasema ya shule. Nikikosa, yule wa Kabongo ana simu yangu." Akafunga pagne. "Tetemeko ikirudia kupita, muniitie, niisalimie."

Akaenda. Niveau akaketi, akaweka kachombo kake juu ya benchi. Kakaonyesha sawa kabisa.

"Kumbe unajuaka," mama Albertine akasema.

"Najuaka," Niveau akajibu. Akageukia bantu yake. "Bandugu, siku ya posho ni kesho kutwa. Simenti nitatafuta. Lakini matofali, mayi, muchanga, minyi peke yangu siwezi. Kesho asubui nani anakuya kunisaidia?"

Treni haikupita. Lakini Chef akashika glasi yake na mikono mbili, na udongo yake ndani. Mille Kilos akashika yake. Mama Albertine akashika radio. Na minyi, mwenye alitengeneza ile radio, nikashika glasi yangu, hata sikugeuka.

"Mukuye hata kwa saa moja tu," Niveau akasema.