Shangazi wa Maporomoko

Kinanda alikuwa amelala chali kwenye godoro ambalo hakuwa na nia ya kulinunua, miguu ikining'inia pembeni kwa heshima ya nailoni iliyolifunika, aliposikia riziki yake ikizungumza upande wa pili wa duka.

Mwenye duka la magodoro, mfamasia wa jirani na mwalimu wa udereva, marafiki watatu waliosoma darasa moja, walikuwa wanapanga kwenda Jumapili kuona maporomoko ya maji kule mlimani, mahali ambapo gari hufika nusu na miguu humalizia. Mfamasia alisema ipo siku mtu mwenye akili atajenga hoteli pale awe tajiri. Wenzake wakawa na nyuso za watu wanaojiona tayari wameketi kwenye baraza ya hoteli hiyo.

Kinanda akaketi. Jina hilo alipewa kwa ajili ya mdomo wake, ambao ulihitaji kubonyezwa mara moja tu. Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekumbushwa msiba, kwamba maporomoko yale ni mali ya ukoo wao, kwamba wageni wenye pesa nyingi wanayavizia, na kwamba yeye binafsi angependa yabaki mikononi mwa watu wa kawaida. Kabla duka halijafungwa, matembezi yalikuwa yamegeuka ukaguzi wa mali, na kila mmoja amekubali kubeba fungu lake taslimu kwenye bahasha, arubuni ya kushikia nafasi. Makabidhiano yangefanyika huko huko. Ardhi, alisema Kinanda, inapenda kushuhudia.

Jumapili mwalimu wa udereva akawapakia kwenye gari lake la kufundishia, lenye breki mbili, na kwenye kila kona akawaeleza abiria kosa ambalo wangelifanya kama wao ndio wangeshika usukani. Barabara ilipokwisha wakapanda kwa miguu. Kinanda alikuwa amevaa koti na viatu vya ncha kali, kama inavyompasa mtu wa mali, akawa anateleza kwa hadhi. Maporomoko yenyewe, ambayo naye alikuwa anayaona kwa mara ya kwanza, yalikuwa mazuri kuliko alivyoyasifu, na hilo lilimuudhi: angeweza kutaja bei kubwa zaidi. Maji yalijimwaga kutoka kwenye jabali jeusi kwa ngurumo isiyokoma, ukungu ukawalowesha nyusi. Mwenye magodoro alivua kofia.

Ndipo mama mmoja wa makamo akatokea vichakani, mundu mkononi na mzigo wa majani kichwani, akauliza hawa ni akina nani.

Kinanda alimwahi. Akamvuta pembeni, ambako kelele za maji zilifunika maneno, akamtilia noti kiganjani na kumweleza shida yake kwa ufupi: anahitaji shangazi, wa muda mfupi, wa kuitikia tu.

Mama aliitazama noti, kisha akawatazama wale watatu.

"Shangazi mkubwa au mdogo?"

"Mdogo anatosha."

"Mdogo hana sauti," alisema. "Nitakuwa mkubwa."

Kinanda alifurahi. Si rahisi siku hizi kupata kibarua anayejituma.

Shangazi mkubwa akatua mzigo, akawasalimu wageni mmoja mmoja na kuwauliza habari za watoto wao. Kisha akamgeukia mpwa wake na kuanza kulia polepole. Hata kwenye mazishi ya baba yake, alisema, hakutokea, na leo anakuja na watu kuuza maji ambayo marehemu alioga. Kinanda, ambaye baba yake alikuwa mzima na mkali, aliinamisha kichwa akaomba msamaha. Ilibidi aombe tena, maana wa kwanza shangazi aliuona mwepesi. Mfamasia alifuta machozi. Mwenye magodoro alisema chinichini kwamba naye ana shangazi ambaye hajamjulia hali siku nyingi.

"Yameisha," shangazi alisema. "Sasa nipelekee haya majani kule juu zizini. Au nibebe mwenyewe na wewe upo?"

Hakuna mpwa duniani mwenye jibu la swali hilo, hasa akitazamwa na wateja. Kinanda akavua koti, akavua viatu, shangazi akavipokea. Majani yalikuwa mabichi na mazito, yakamwasha shingo njia nzima. Zizi hakuliona. Aliona mwamba, kisha mwamba mwingine, kisha njia ikaishia kwenye miiba. Akautupa mzigo na kuteremka, akijifariji kwa zile bahasha.

Aliwakuta marafiki watatu wamekaa kwenye jiwe, miguu majini, nyuso zao zimetulia.

"Shangazi yuko wapi?"

"Ameondoka," alisema mfamasia. "Amesema hawezi kukuaga, moyo umemjaa. Arubuni tumemkabidhi yeye, ameipokea kwa mikono miwili. Isingekuwa adabu kukupa wewe na mkubwa wa ukoo amesimama pale."

Kinanda akafungua mdomo. Lilikuwepo jambo moja tu la kusema, kwamba yule si shangazi yake, lakini jambo hilo lilikuwa na mkia mrefu. Akafunga mdomo.

"Na koti langu?"

"Amekwenda kulifua. Na viatu. Ameona aibu kwa yale matope."

Pochi ilikuwa ndani ya koti. Simu pia.

Aliteremka mlima peku, akichagua pa kukanyaga, wenzake wakimsubiri kwa upole wa watu wanaomheshimu mfiwa. Ndani ya gari walijenga hoteli ghorofa kwa ghorofa, mwenye duka akiahidi magodoro ya vyumba vyote.

"Hivi shangazi anaitwa nani?" mwalimu wa udereva aliuliza, akimtazama kwenye kioo. "Tukirudi kufuata hati ya ardhi tumuulizie kwa jina."

Kinanda alivuta nyayo zake zenye tope chini ya kiti.

"Kwetu," alisema, "hatutaji majina ya wakubwa."

Mfamasia aliguswa sana. Akawaambia wenzake kwamba, mtu aseme atakalo, yule shangazi amelea.