Kichupa cha Kijani cha Daktari Emilienne

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kimefika! Miezi mitano ya kungoja, kisha pikipiki kutoka Kindu ikaleta kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Daktari Emilienne, mkubwa wa labo yetu ya kupima damu hapa Kasongo, akatueleza. Ni protini ya binadamu, lakini imetengenezwa na bakteria, kisha ikatiwa rangi. Inanata kwenye chembe za damu zenye malaria. Ukiimulika kwa taa ya buluu, inang'aa kijani. Tutapima nayo damu ya watoto wa Kabambare. Ikae kwenye baridi, ikae gizani. Sawa. Ufunguo wa frigo akampa nani? Djamila! Miezi minane kazini! Mimi Faradji, miaka tisa, nikapewa kufagia vipande vya katoni.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata mbinu. Kichupa kitapotea, Djamila atalia, mimi nitakiona. Ufunguo utakuja kwangu wenyewe.
Adhuhuri Djamila akaenda kuswali, akaacha koti lenye ufunguo. Kichupa kilikuwa kimefungwa karatasi ya alumini. Nikaivua, isimeremete. Baridi je? Mama Rachida anauza juisi ya tangawizi karibu na geti, ana ndoo ya barafu. Nikakizamisha humo, nikamwambia ni dawa yangu ya macho. Akili!

Jumatano, 5 Juni
Hakuna anayelia. Djamila anafanya kazi huku anaimba. Inaudhi sana.
Nikaenda kwa Mama Rachida. Hayupo! Amekwenda sokoni Lusangi, yeye na ndoo yake. Pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno, tairi kupasuka mara mbili. Nilimkuta alasiri. Ndoo wazi, barafu imekuwa maji, jua linapiga ndani, kichupa kinaelea.
"Papa Faradji," akauliza, "macho yako iko namna gani?"

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nikapaza sauti: nimekiona, kilianguka nyuma ya frigo! Daktari akakimulika kwa taa ya buluu. Giza. Jua limekula rangi yote.
Djamila akakinusa. Akauliza kwa upole tangu lini frigo yetu inanuka tangawizi. Nikakohoa.
Kumbe Jumatatu ile ile Djamila aligawa protini katika vichupa kumi, tisa akaviweka kwenye boksi la chini ndani ya frigo! Ndiyo maana anaimba.
Daktari hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu kwamba kichupa kile kilikuwa cha kupima watoto ishirini, na sasa hao watangoja kifurushi kingine.
"Watoto ishirini, Papa Faradji."
Sikula mchana.

Jumamosi, 8 Juni
Adhabu: kuosha vioo vya kupimia damu mwezi mzima. Djamila anatumwa Kinshasa kwa mafunzo. Kinshasa!
Nimetafakari kwa makini, nimeliona kosa langu. Nilimwamini muuza juisi.
Djamila akiondoka, ufunguo atashika mwenzetu Jean-Marie, mtu anayesahau hata kofia yake. Na darubini ya labo ina lensi nzuri sana. Lensi haiyeyuki, haichujuki. Ikipotea siku mbili tu, Jean-Marie atalia.
Nimeshaishonea mfuko.