Besi Yangu na Gredi ya Nane

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Oya kamanda, kaa vizuri. Leo kumenuka!

Mazoezi ya kwaya yameisha, Mwalimu Mugeta akatuzuia mlangoni wawili tu, mimi na Baltazar. Akasema kituo cha vijana cha kanisa kule Butiama kinafungua darasa la magita. Wanataka mwalimu wa besi. Awe na cheti cha gredi, au awe ameshajisajili kufanya mtihani. Mtihani wenyewe ni wa watu wa Ulaya. Unapiga besi yako, wanakupima, wanakupa cheti. Butiama wataamua kabla mwezi haujaisha.

Mwalimu mmoja! Na wapiga besi tuko wawili!

Baltazar anatokaga Bunda kuja mazoezini na besi iko kwenye begi lenye zipu na mikanda, utasema daktari wa mifugo. Mimi yangu naibebaga kwenye gunia la mbolea. Yeye alifundishwa. Mimi nimejifundisha mwenyewe kwa video, kwa bando la Mama. Na nampita! Uliza mtu yeyote hapa Kitaji. Ila usimuulize dada yangu Nyangi.

Sasa shida iko hapa. Baba mdogo Mwikwabe ametuma neno kutoka Bugwema. Mwezi huu ukiisha sina kazi, niende nikashike plau. Amesema ng'ombe wananisubiri. Kanitajia mpaka majina yao!

Kwa hiyo ni Butiama au Bugwema. Hakuna katikati.

Baltazar nikamuuliza kama ameshajisajili. Akatabasamu. Nachukia sana mtu anayejibu kwa meno.

Jumanne, 5 Agosti

Nilidhani mtihani ni mmoja, kama ule wa taifa. Kumbe bodi za kutahini ziko nyingi kama makanisa! Kila moja inasema yenyewe ndiyo ya kweli.

Bodi ya kwanza wanataka skeli, zile ngazi za sauti za kupanda na kushuka. Halafu wanakuwekea karatasi ya nota hujawahi kuiona, upige hapohapo. Na siyo hizi do re mi tunazoandikaga kwenye kwaya. Ni madoa, kama dagaa wamemwagika juu ya waya. Hapana.

Bodi ya pili unapiga nyimbo, mpimaji amekaa mbele yako anakutazama. Akimaliza kukutazama anakuuliza maswali. Kwa Kiingereza! Hapana tena.

Bodi ya tatu unajirekodi video, unatuma. Basi. Hakuna swali, hakuna macho ya mtu. Hii imetengenezwa kwa ajili yangu.

Nyangi akasema angekuwa yeye angechagua ile itakayomfundisha asichokijua. Nikamuuliza sasa nani anatakaga hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Bodi tayari. Sasa gredi. Ziko kuanzia moja mpaka nane, na unaingia yoyote unayotaka bila kupitia zingine. Watu wazuri hawa!

Nikamfuata Baba. Baba ni fundi magari, mambo ya gredi anayajua kwa mwili wake. Zamani alifanya trade test, ule mtihani wa mafundi. Akaanza gredi ya tatu, akapanda ya pili, akamaliza na gredi ya kwanza. Cheti kiko sebuleni juu ya tivii, mgeni hapewi chai kabla hajakisoma. Baba akasema niache kiherehere, gredi ya kwanza huwezi kuirukia, hiyo ni ya watu wazima. Nikaona anasema kweli. Hata shuleni kwetu, division one walipata wawili tu, na mmoja sasa hivi ni daktari. Mimi nilipata four.

Kama four ni mimi, basi nane ni mtu aliyeshika besi jana! Nane ni ya watoto! Na Butiama hawakusema wanataka gredi ipi. Wamejisahau! Wamesema cheti cha gredi, na cheti ni cheti.

Nimejisajili gredi ya nane.

Mama kalipa ada kwa simu, akaniapisha baba mdogo asijue. Ada hairudi, wameandika hivyo kwa herufi nyekundu. Nyangi akauliza kama nimesoma maelezo yote. Nimesoma! Mpaka pale penye kitufe cha kubonyeza.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeenda Bunda kupeleleza. Nikajifanya nimekuja kuazima uzi wa besi.

Baltazar nikamkuta uani anafanya mazoezi, kitabu kiko juu ya kigoda. Nikachungulia jalada. Gredi ya tatu!! Ya tatu! Hapo kabakiza mbili tu afike kileleni! Nikamwomba anipigie kidogo nisikie hao watu wa tatu wakoje.

Akapiga. Taratibu. Anahesabu kwa mguu, moja mbili tatu nne. Wimbo wenyewe hata mimi ningeupiga huku nakula. Nikajua ananificha. Ule mgumu kaufungia ndani.

Halafu akauliza na mimi nimejisajili ipi. Aibu! Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikasema ya nane, kwa sauti ya chini kabisa.

Akaiweka besi chini. Akasimama. Akanipa mkono kwa mikono yake miwili, akaniita kaka. Hajawahi kuniita kaka tangu azaliwe! Akaita mama yake, Mama Wegesa, atoke aone nani amekuja. Mama wa watu akakimbiza kuku. Chakula kilipokuja, firigisi iko kwenye sahani yangu. Firigisi! Ya mzee wa nyumba! Baltazar anasukuma sahani kwangu anasema karibu kaka, kula, safari ya nane siyo mchezo.

Kunicheka kote huko. Mpaka kwa kuku! Nimekula kwa hasira. Nimekula yote.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyimbo za mtihani zimeingia kwenye simu, nota pamoja na video ya mtu anazipiga. Kamanda, hebu tulia nikuambie.

Wimbo wa kwanza unaanza ukiwa tayari unakimbia. Kidole gumba kinagonga, cha shahada kinavuta, mkono wa kushoto unaruka kama samaki furu katupwa kwenye mtumbwi, na bado hujafika mstari wa pili. Nimejaribu nusu ya kwanza. Nusu ya mstari! Kidole kimevimba.

Hii ndiyo ya watoto? Watoto wa Ulaya wanakulaga nini?

Na kama nane iko hivi, gredi ya kwanza wanapigaje? Kwa meno? Sasa namuelewa Baltazar. Yule mtu ni jini. Anapiga taratibu ili asiue watu.

Baba akapita, akasikiliza, akasema ni kawaida, hata yeye gredi ya chini ilimsumbua. Anapenda kweli kunitia moyo. Bora angenyamaza.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata ujanja. Kwenye simu kuna kitu cha kuongeza mwendo wa video. Nikipiga taratibu kama Baltazar, halafu nikaikimbiza, nani atajua?

Nimemchukua Nyangi na simu yake tukaenda kurekodia kanisani. Nimepiga polepole kweli, kama maji ya mtungi uliotoboka. Nyangi akaikimbiza, tukaitazama. Mikono inaenda sawasawa. Ila kope zangu zinapepesa kama nzi, na nyuma dirishani mama mmoja kapita na ndoo kichwani kama kafukuzwa na fisi. Na besi inalia kama zumari.

Tukasikia mtu anacheka. Mwalimu Mugeta! Kaingia muda gani sijui. Akauliza tunafanya nini. Nikamwambia mtihani wa watoto umenishinda, Mwalimu, naomba unisaidie. Akachukua simu, akasoma nyimbo, akasoma tena, akaniuliza mtoto gani anapiga hii.

Nikamweleza mambo ya Baba na trade test.

Kamanda, yule mzee alicheka mpaka akakalia ngoma. Ngoma ya kwaya! Akapangusa macho, akasema hii inapandaga kama madarasa ya shule. Moja ndiyo chini. Nane ndiyo juu, ya mtu amekaa miaka anasoma. Nikauliza bodi zote? Zote, akasema. Trade test ya Baba ni ya kufungua injini.

Yaani nimejisajili kileleni!

Ndipo nikaikumbuka Bunda. Mikono miwili. Kaka. Firigisi. Hawakuwa wananicheka! Na mimi nilikula ile firigisi kwa dharau.

Mwalimu akanishauri vizuri tu. Niandikie bodi waniteremshe, nianze gredi ya kwanza, nikae na Baltazar anielekeze kusoma nota. Na Butiama niwaambie ukweli mapema. Nyangi akasema hata yeye alishasema. Hakusema! Aliuliza. Kuuliza siyo kusema.

Nikakubali. Nitawaambia kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Jana sikupiga simu, sikuwa na vocha. Leo wamepiga wenyewe.

Alikuwa Mwalimu Makongoro, mkuu wa kile kituo Butiama. Sauti nzito, ya mtu anayeongea amesimama. Akasema hongera kijana. Nikasema asante kabla sijajua ya nini. Kumbe Baltazar kajitoa! Kaenda mwenyewe kuwaambia hawezi kushindana na mtu wa gredi ya nane. Kaomba awe msaidizi wangu tu, apate kujifunza.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nakuapia nilifungua! Lakini Mwalimu Makongoro haachagi nafasi katikati ya maneno. Akasema kazi ni yangu, ila Jumapili ya tarehe 24, siku ya ufunguzi, nipige wimbo mmoja wa gredi yangu mbele ya wageni. Mmoja tu, akasema, tusikuchoshe.

Nikasema sawa. Sijui kwa nini. Mdomo ulikuwa wazi tayari.

Jumapili, 17 Agosti

Baba mdogo Mwikwabe amesikia. Anakuja Butiama na watu wa Bugwema, wamekodi fuso. Wale ng'ombe amempa kijana mwingine, amesema mimi sasa ni mtu wa vidole, nisishike plau. Mama ametoa kitenge cha sikukuu. Baba ametafuta misumari, anasema cheti changu kitakaa chini ya chake, maana chake ni gredi ya kwanza. Nimeshindwa kumweleza.

Baltazar kanitumia ujumbe, anauliza siku hiyo nitapenda aniwekee kiti au nitapiga nimesimama. Kaka, kaandika. Yule jamaa kazi ilikuwa yake kabisa. Nikisema ukweli anaipata, nami namfuata kama mwanafunzi, kuanzia moja, tukihesabu kwa mguu. Nyangi anasema hiyo ndiyo njia na iko wazi kama barabara ya lami. Mwalimu Mugeta anasema hivyohivyo. Kila mtu ana akili kwenye mambo yangu!

Lakini jana nimekaa na simu, nikasoma tena tovuti ya bodi. Safari hii nimepita pale penye kitufe. Na chini kabisa, kamanda, nimekuta kitu. Juu ya gredi ya nane kuna diploma!

Fikiria na wewe. Mtu wa gredi wanamwambia apige. Lakini mtu wa diploma umewahi kuona anaambiwa apige? Mtu wa diploma anakaaga mbele na wageni. Anatingisha kichwa. Msaidizi ndiye anapiga! Na msaidizi ninaye, na wimbo wake wa gredi ya tatu anaujua vizuri, taratibu, anahesabu kwa mguu.

Ada tu ndiyo inanisumbua. Mama amelala mchana, simu yake iko hapa mezani.

Sasa nikuulize kamanda, maana huku nyumbani hakuna wa kuniambia kitu cha maana. Ungekuwa wewe, kwa diploma ungechagua bodi ipi?