Fundi Zipu Apatiwa Chumba

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Kamati ya Kubaini Ufaafu wa Vyumba vya Biashara Ndogo, ambayo mimi ni katibu wake, imempatia fundi zipu mahali pa kazi. Imetuchukua miezi kumi na mmoja tu.

Chumba cha kwanza alichochagua mama huyo tulikikataa. Kilikuwa na dirisha moja, na mteja angeweza kuchungulia kabla ya kuingia, akaghairi. Cha pili kilikuwa na madirisha mawili. Kamati haikuafikiana mteja achungulie lipi. Cha tatu hakikuwa na kasoro yoyote. Tukakitilia shaka.

"Sasa kazi nikafanyie wapi, baba?" aliniuliza.

"Mchakato unaendelea, mama."

"Unaendelea kwenda wapi?"

Swali hilo nililiingiza kwenye kumbukumbu za kikao. Bado linashughulikiwa.

Akawa anashinda kwenye korido yetu na cherehani yake, mikono mitupu, kwa kuwa kifungu cha tisa cha kanuni zetu kinakataza kugusa zipu ya mteja nje ya chumba kilichosajiliwa. Wateja walimfuata hadi pale na mabegi yaliyoachama. Akawarudisha mmoja mmoja. Siku moja nilimwona akijifuta machozi kwa utepe wa kupimia. Iliniuma. Nikamwandikia barua rasmi ya kumtaka avumilie.

Jumatatu Waziri alikuja kukagua kasi yetu. Gari lilipokunja kona, Mkurugenzi wetu alinyanyuka kwenda kumlaki, na zipu ya suruali yake ikakata roho. Akajiziba kwa faili. Tulijaribu klipu za karatasi. Stepla tuliijaribu mara moja tu.

"Mwite yule mama!" akafoka.

Fundi akaingia, akatazama. "Kazi ya dakika moja hii. Ila kifungu cha tisa, mzee wangu."

"Mama, nakuomba, nitaaibika!"

"Barua yenu imesema nivumilie. Na wewe vumilia."

Honi ikalia getini. Mkurugenzi akaniamuru nilete cheti cha kusajili chumba. Penye "mahali pa biashara" akaandika ofisi yake mwenyewe, akagonga mhuri kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa na majukumu. Fundi akakisoma cheti mbele na nyuma, bila pupa. Kisha akatoa koleo, akabana mara mbili, zipu ikapanda.

Waziri akaingia, akakuta wino haujakauka. "Kibali kimetoka leo leo? Hongereni! Kitundikeni ukutani." Akapiga picha na fundi. Cheti chetu hakifutiki kabla ya miaka mitano. Sheria iliona vyema kuwalinda wafanyabiashara dhidi yetu.

Jana asubuhi Mkurugenzi alipiga hodi kwenye iliyokuwa ofisi yake, akaomba achukue mwavuli wake uliobaki ndani.

"Karibu," fundi akaitikia bila kuinua macho. "Anzia nyuma ya foleni."

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"Wa nini?" akauliza kwa upole mzee mmoja aliyekumbatia hema lenye zipu mbovu.

Mkurugenzi akafikiri kidogo, akaenda kusimama nyuma yake.